Mafuta ya Bawaba na Gari la Baba Mkwe

Mume wangu alipigwa na baba yake kwa mpini wa jembe akiwa na miaka thelathini na minne, mchana kweupe, majirani wakitazama, kwa sababu ya mafuta ya kopo. Naanza na hilo kwa kuwa kila nikisimulia habari hii watu hukimbilia kucheka habari za gari. Mimi sicheki. Shati lake lenye damu nililifua mwenyewe.

Gari lilikuwa la baba mkwe. Lilikuwa dogo, la rangi ya bluu iliyokolea, na lilikuwa limepita mikononi mwa watu kabla ya kumfikia, lakini yeye alilitunza kuliko alivyotutunza sisi. Alilinunua baada ya misimu kadhaa ya kakao. Pale Talatala, tulipoishi wote ua mmoja, hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Kuku akirukia boneti, kuku huyo ni mboga ya jioni. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito ya kuombea wagonjwa, na alikuwa mpigaji. Alimpiga mama mkwe, aliwapiga wanawe wakiwa wadogo, na walipokua akaendelea. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Yeye alikunja hata waliokwisha kukauka.

Mimi peke yangu hakuwahi kunigusa, na sababu haikuwa huruma. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe huepukana. Tunaita ukutila, yaani kumcha mkwe, na mwiko huo unawabana wote wawili. Siku hizi wengi wameulegeza, kuna nyumba mkwe na baba mkwe wanakula meza moja wakitazama televisheni, lakini yeye aliushika sawasawa na amri kumi. Sikumtazama usoni, naye hakunitazama. Akiwa barazani mimi sikatizi uani, nazunguka nyuma ya migomba na kanga kichwani. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, mama mkwe ananiambia mimi, hata kama wote watatu tunasikiana. Nilikuwa nimempikia miaka sita nikimjua kwa kikohozi chake na visigino vyake.

Jumamosi ile ilikuwa kiangazi. Mvua za Kyela hazina huruma na chuma, na msimu ulipokwisha ulituachia bawaba zinazolia kila mlango ukifunguliwa. Baba mkwe alikuwa na kikao cha kanisa upande wa Busale, akamwambia mume wangu anyamazishe milango ya gari. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alikuja na kopo la dawa ya kutu, ile ya kupuliza inayofungulia nati zilizoshika. Akapuliza bawaba, zikanyamaza. Mafuta mengine yakachuruzika mlangoni, akayafuta kwa kitambaa, na pale alipofuta pakang'aa. Hapo ndipo alipoharibu. Alipuliza mlango mzima, halafu wa pili, halafu boneti na buti, mpaka kopo likatoa upepo mtupu. Gari likameremeta kama limetoka kiwandani juzi, na baba mkwe aliondoka akiwa na furaha, jambo la nadra.

Alirudi saa saba. Njia ya Busale kiangazi ni vumbi tupu. Vumbi la kawaida hupanguswa, lakini vumbi likikutana na mafuta ni uji. Gari lilikuwa na mabaka mekundu kila mahali, na mabaka yalinata, ukipitisha kidole unabeba tope. Mume wangu alilimwagia maji ndoo nne. Maji yaliteleza juu ya mafuta yakaondoka zake.

"Leta pumba," baba mkwe alisema kutoka barazani.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye alilikana. Ni yeye aliyesema. Wala si wazo la ajabu. Kwetu kwenye mpunga, dizeli ikimwagika mashineni watu hutupa pumba juu yake, wakasugua kwa miguu, na sakafu inakauka. Fundi akichafuka mikono kwa grisi husugulia pumba. Kila mtu anajua pumba hunywa mafuta. Mume wangu akaleta nusu gunia, akachota kwa viganja viwili, akaanza kwenye boneti.

"Kaza mkono," baba yake akamwambia. "Sugua."

Mimi wakati huo narudi kutoka mtoni na beseni la nguo kichwani. Nilisimama nyuma ya migomba nikaona. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimeosha magari miaka mitatu Kasumulu, pale mpakani, malori na magari madogo, na niliyajua madoa yote ya dunia. Mafuta hayaogopi maji, yanaogopa sabuni. Pumba zina meno. Yeyote aliyewahi kubeba gunia la pumba begani anajua shingo inavyowaka hadi usiku. Sasa hebu fikiria meno hayo yanapita juu ya rangi ya gari, tena na mchanga wa barabarani ndani yake, na mwanamume mwenye nguvu anakaza mkono.

Lakini baba mkwe alikuwa barazani, na mama mkwe, kinywa changu, alikuwa ameenda Matema na kwaya tangu asubuhi. Nilikohoa. Mume wangu akageuka, nikampungia mkono kwamba acha, acha. Akadhani nataka kupita, akanipungia nirudi nyuma, baba yupo. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwita jirani apeleke neno. Mimi mwenye mdomo wangu huu, niliyegombana na madereva wa malori hadi wakanikimbia, nilitua beseni nikasimama kimya kwa sababu ya mwiko. Hilo linaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Mafuta yalitoka pale aliposugua, ndiyo. Mume wangu alipomwaga maji ya kumalizia, boneti yote ilikuwa na miduara, mikwaruzo myembamba iliyopishana, nyeupe juani. Mlango wa dereva vilevile. Baba mkwe alishuka barazani taratibu, akainama, akapitisha kucha juu ya rangi.

"Umelichuna gari langu," alisema. "Umelichuna kama ng'ombe."

"Tata, ulisema pumba..."

Kofi la kwanza lilimziba mdomo. La pili lilimyumbisha akapiga goti. Mpini wa jembe ulikuwa umeegemezwa ukutani, mpya, haujatiwa jembe bado. Baba mkwe aliuchukua kwa mikono miwili.

Alipiga kama anayepura mpunga, mpini unapanda hadi nyuma ya kichwa na kushuka na uzito wote. Mgongo. Bega. Mkono alioinua kujikinga. Nilisikia sauti ya mfupa kabla sijaona mkono unaning'inia. Mume wangu alikuwa mnene wa kifua, magunia ya kilo mia aliyabeba peke yake, angeweza kumshika mzee yule kwa mkono mmoja akamkalisha chini. Hakuinua hata kidole. "Tata, nisamehe," alisema. "Tata, nisamehe." Pigo moja likampata juu ya jicho, nyama ikafunguka, damu ikashuka usoni hadi kidevuni.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. "Mzee, inatosha jamani," mmoja alisema, lakini hakuvuka. Mwanamke mmoja akamjibu, "Si baba yake?" Wakaendelea kutazama.

Sijui niliamua saa ngapi. Najua tu nilitoka migombani mbio, kanga ikaanguka njiani, nikasimama katikati yao, kichwa wazi, mgongo kwa mume wangu na uso kwa baba yake. Nikamtazama. Alikuwa na macho madogo, weupe wake umegeuka manjano, na jino moja la mbele halikuwepo. Miaka sita sikujua kama hana jino.

Mpini ulikuwa juu. Uliganda hapo. Kisha jambo likatokea ambalo sikulipanga: baba mkwe aligeuza uso. Aliutazama ukuta.

"Mwondoeni huyu mwanamke," aliuambia ukuta.

Hakuna aliyesogea. Alichepuka kushoto kumfuata mwanawe, nikachepuka kushoto. Akaenda kulia, nami kulia. Kila akija, uso wake ulikuwa pembeni, na mtu hawezi kulenga asikotazama. Kunipiga asingeweza. Kunitazama asingeweza. Kuniambia neno asingeweza. Ndani yangu kulikuwa na furaha mbaya, siifichi. Miaka sita nimezunguka migombani nikidhani mwiko ule ni kamba yangu peke yangu.

"Uweke chini," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe. Aliutupa mpini kwa nguvu, ukapiga mtungi wa udongo wa wafinyanzi Wakisi uliokuwa mlangoni pa jiko, mtungi ukapasuka na maji yote yakamwagika. Akaingia ndani.

Jirani mmoja, mwanamume wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, ndipo alipopata ujasiri wa kuvuka uzio. Alimfunga mume wangu mkono kwa vipande viwili vya mti na kitambaa, akamshona pale juu ya jicho, akasema mkono apelekwe hospitali mapema kesho. Mume wangu alibaki amekaa kwenye gogo.

Mimi niliijua hasira ya mzee yule. Ilikuwa inapumzika, haiishi. Akitoka jioni akakuta gari liko vile, nusu mafuta, nusu mikwaruzo, ataanza upya, na safari hii atasubiri nikiwa mbali. Kwa hiyo nikaliosha. Tulilisukuma, mimi na jirani, hadi kivulini nyuma ya banda la kakao, maana sabuni ikikaukia juani inaacha alama yake yenyewe. Nikapasha maji, yawe ya vuguvugu tu. Sabuni ya maji ya vyombo, mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia kitambaa, na fulana kuukuu ya pamba isiyo na kifungo. Kwanza nilimwaga maji mengi bila kugusa, ili mchanga na pumba vitangulie. Kisha nikaanza juu, kwenye paa, nikashuka. Kwa upole, mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha. Mikono ilitaka kupiga kitu, nikailazimisha kubembeleza bati. Palipobaki mafuta nilirudia mara ya pili na ya tatu, nafuta kwa kitambaa cheupe, kikitoka na umanjano narudia. Kwenye bawaba sikugusa, pale mafuta ni halali yake.

Saa kumi baba mkwe alitoka. Nilisikia visigino. Zamani ningekimbia. Niliendelea kusuuza mlango. Visigino vilisimama, vikakaa kidogo, kisha vikageuka, vikaenda kuzunguka nyuma ya migomba. Nilitamani mama mkwe angekuwepo aone.

Mikwaruzo haikutoka. Sabuni huondoa mafuta, haiponyi rangi. Lakini kivulini haikuonekana sana, na gari lilikuwa safi, na nilijua kwa siku ile imetosha.

Nilikuwa nakamua fulana mume wangu alipokuja. Jicho moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Nilidhani amekuja kuniambia ndaga fijo, asante sana, kama tunavyosema kwetu hata kwa kikombe cha maji. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Umenifanya mtoto," alisema. "Mbele ya watu wote. Umeniaibisha mbele ya baba yangu."

Akanipiga kofi kwa mkono uliobaki mzima.

Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Masikio yalilia. Nilichofikiri wakati ule, nakumbuka vizuri, ni kwamba kati yake na mimi hakuna mwiko. Angeweza kunitazama usoni na kunipiga, vyote kwa pamoja. Nilimchapa kwa fulana ile mbichi, shavu hadi shingo, kwa nguvu zangu zote, mpaka akayumba na kuushika mkono wake uliovunjika.

"Mkono ulioshindwa kumzuia baba yako," nikamwambia, "usiulete kwangu."

Aliketi chini, palepale kwenye maji ya sabuni, mgongo kwenye gurudumu.

Nilisuuza upande uliobaki. Jua lilipoinama nilimwinua, nikamvua shati, nikamkanda mgongo kwa maji ya moto, michirizi ikiwa imevimba kama mizizi. Alilia wakati huo, kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka mabega yakaruka mikononi mwangu. Nilimkanda mpaka maji yakapoa, na sikumbembeleza.