Kompyuta Iliyomkataa Bwana Mhuri

Bwana Mhuri alistaafu posta, lakini mkono wake bado uko kazini. Mpaka leo ukimpa karatasi ataigonga kwa ngumi kwanza, ndipo aisome. Jina hilo alipewa na majirani, naye hana kinyongo nalo.

Basi huyu bwana, alipochoka kukaa barazani akihesabu wapita njia, aliamua kuifufua kompyuta kuukuu iliyokuwa chumbani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni fundi wa kompyuta katika mji mwingine. Akamtumia flashi yenye Linux, ile programu kuu ya kuendeshea kompyuta, akamwelekeza kwa simu jinsi ya kuisakinisha. Ikakubali! Bwana Mhuri akazunguka mtaa mzima kifua mbele, utadhani kaizaa yeye. Mkewe naye akaichukua ile flashi, akaijazia nyimbo za kusikiliza kwenye duka lake la ushonaji, mtaa wa pili.

Kesho yake asubuhi, mke akiwa dukani, mzee akabonyeza kitufe. Skrini nyeusi, na maneno machache meupe ya kusema hakuna cha kuwasha. Akabonyeza tena. Wapi!

"Hapo tatizo ni kianzishi," shemeji akamwambia kwenye simu. "Ile programu ndogo inayoiamsha Linux. Uliiweka kwenye diski?"

"Niliiweka kwenye diski."

"Hukuigonga mhuri?"

"Shemeji, acha utani, nina machungu mimi."

Jioni mkewe akarudi. Kama ada yake, akachomeka flashi nyuma ya mashine ili aongeze nyimbo, akawasha. Kompyuta ikaamka kama haijawahi kuugua.

"Mbona inawaka, baba watoto?"

Ikawa ndiyo desturi. Mchana imekufa, mama akiingia imefufuka. Shemeji akaangua kicheko, akasema mashine ina mapenzi yake na dada. Siku nyingine akaongeza, "Au ni hicho kichwa, shemeji? Angalia usije ukawa unabonyeza redio."

Lo, neno hilo lilimchoma! Maana baba yake Bwana Mhuri alianza hivyo hivyo, kwa vitu vidogo, mpaka siku moja wakakuta viatu vyake ndani ya ndoo ya maji ya kunywa, na mwisho hakumjua hata mwanawe. Bwana Mhuri aliogopa, tena sana. Akawa anajipima kimyakimya kwa kuwataja wenye masanduku ya posta: la kwanza mwoka mikate, la pili mkunga, la tatu yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akilamba stempu mbili mbili. Akikwama kwenye jina moja, anaanza upya sanduku la kwanza. Mkewe naye aliacha kumtania, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwanamke yule kunyamaza bure si kawaida yake.

Siku moja mchana mke akatokea mlangoni anahema. "Nimesahau mkasi," akasema, macho yako kwa mumewe.

"Kabla hujautafuta, njoo uwashe kitu chako."

Mama akabonyeza. Skrini nyeusi, maneno meupe. Akabonyeza tena. Vilevile.

"Imekukataa na wewe!" Bwana Mhuri akaruka kama kashinda bahati nasibu. "Haya, sema, leo umefanya nini tofauti?"

"Sijafanya kitu! Nimewasha kama kila siku. Ila flashi nimeiacha dukani, inapiga nyimbo."

Mzee akachungulia nyuma ya mashine, tundu tupu. Flashi. Akakumbuka siku ile ya kusakinisha: kompyuta ilimuuliza kianzishi kiwekwe wapi, ikampangia diski mbili, moja juu ya nyingine. Na yeye, mtu wa posta, alifanya nini? Alimhudumia aliyetangulia. Foleni ni foleni! Kumbe aliyetangulia alikuwa flashi. Linux ililala ndani ya kompyuta, na mwamshaji wake akawa anakwenda dukani kila asubuhi kusikiliza nyimbo.

Alitoka na kandambili, kushoto ya bluu na kulia ya kijani, akaifuata flashi mbio mbio. Akaichomeka, mashine ikawaka. Akampigia shemeji, akampa habari. Upande wa pili kikasikika kicheko cha mtu aliyeshindwa.

"Nisamehe, shemeji. Ilinipasa nikuulize diski ipi. Sasa kianzishi kiweke kwenye ile kubwa ya ndani. Andika ninavyokusomea."

Akaandika herufi moja moja, akagonga kitufe cha mwisho kwa ngumi. Akaichomoa flashi, akazima. Mke na mume wakasimama bega kwa bega. Akawasha. Ikaamka yenyewe, bila msaada wa mtu.

Bwana Mhuri akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. "Kichwa changu kizima, mama watoto! Kizima!"

"Nani alisema ni kibovu?" mkewe akajibu, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Haya, mimi narudi dukani, wateja wananingoja."

"Na mkasi?"

Mama akaanza kuinua vitambaa, akachungulia chini ya meza. Mzee akamtazama. Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mkewe kwa utepe, palepale unapokaa kila siku ya kazi. Kumbe alichofuata mama nyumbani si mkasi, ni mumewe.

Akamshika mkono. "Basi kaa kwanza tule," akasema. "Tutautafuta baadaye."