Aliyetuzimia Redio

Miaka ya themanini nilikuwa katibu wa kamati ya mradi wa masomo ya kaseti. Tulipeleka redio za kaseti katika shule za msingi kuanzia Sabaki hadi Matsangoni, bila kumtoza mtu. Wafadhili walitupa redio, betri, gari, na kaseti zilizorekodiwa Nairobi. Kiongozi wetu wa kwanza alipopata kazi serikalini, ikabidi tutafute mwingine.

Wafadhili walikuwa na mtu wao tayari, fundi wa mitambo mwenye shahada. Mimi nilimtaka mwalimu mmoja wa Matsangoni, mama aliyewahi kuirudisha redio yetu ofisini Malindi na kuniwekea mezani. Aliniambia ameizima katikati ya somo, kwa kuwa ile sauti inauliza swali na kujijibu kabla mtoto hajafungua mdomo. Siku ile nilikasirika. Baadaye nikaenda kukaa darasani kwake, nikaisikiliza kaseti pamoja na watoto, nikaona amesema kweli.

Kikaoni, mjumbe wa wafadhili alisema huyo mama ni mkaidi, atatusumbua.

"Ndiyo maana tunamtaka," nikamjibu. "Wa kutusifu tunao wengi."

Akatukumbusha kwamba gari ni lao. Wenzangu wakainamisha vichwa, nami nikadhani nimebaki peke yangu. Ndipo mzazi mmoja wa Gede, mkulima, akasema kwa upole kwamba watoto wake walikuwa wakisoma kabla gari hilo halijaja. Tukapiga kura. Mama akapita.

Gari likachukuliwa wiki ile ile. Nilipompelekea mama habari, hakushukuru. Aliuliza nani atamkataza akitaka kurekodi masomo upya. Nikamwambia hakuna.

"Basi shikeni neno lenu, mwenzangu," akasema.

Alirekodi darasani mwake, akinyamaza baada ya kila swali ili watoto wajibu. Kuku walisikika kwenye kaseti, na hatukuwaondoa. Kaseti tulizisambaza kwa baiskeli. Nyingine ziliharibika kwa vumbi, na shule mbili zikajitoa. Katika shule zilizobaki, watoto walijibu kwa sauti iliyofika barabarani.

Tuligombana mara nyingi, mimi na yeye, hata mbele ya wageni. Lakini kila wafadhili walipouliza kama hatujafikiria kumbadilisha, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua mkono kukataa.