Rahani ya Serikali

Sikuwa na cheti cha ualimu. Hesabu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyokwisha majalada, na shule ile karibu na Msambweni ilinichukua kwa majaribio tu. Kila somo nililiandika mara tatu, na bado sikuthubutu kuingia darasani bila daftari.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, chini ya Waingereza. Nilisoma gazetini kwamba serikali inakopa kwa watu, nikataka darasa la sita waelewe kwamba hata serikali ni mdeni, na mdeni yeyote huenda asilipe. Mwanafunzi wangu bora, mtoto wa mjane, nikamfanya Serikali. Wenzake wakawa wakopeshaji, kila mmoja na korosho kumi.

Riba sikuitaja; ni haramu, na wazee wao wangenifukuza. Nikawaambia wafuate desturi ya kwetu: mwenye kukopa huweka minazi rahani, na mkopeshaji huangua nazi zake mpaka alipwe. Nilijiona mwerevu.

"Haya, Serikali, waweka minazi gani?" mmoja akauliza.

"Sina minazi."

"Huna hata mmoja, na wazitaka korosho zangu? Kakope kwa nyani!"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Rahani yangu ni baba zenu. Nikikosa cha kulipa nawapandishia kodi. Nao wakishindwa, korosho zenu zimepotea."

Sikumfundisha hilo. Lilipita yote niliyoandika. Nikageuka kuliandika ubaoni, nikamwona mkaguzi wa shule amesimama mlangoni.

"Nani amewafundisha maneno haya ya kodi?"

Watu walikuwa wakikamatwa kwa maneno mepesi kuliko hayo.

"Ameyatunga mwenyewe, bwana," nikasema.

Ilikuwa kweli, na kwa ukweli huo nilijificha. Sikusema kwamba mchezo ulikuwa wangu. Mtoto alinitazama, akingoja niendelee. Nikamwambia akae.

Akaondolewa shuleni kabla ya mtihani. Ijumaa mama yake alikuja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu alikutukana?"

"La, mama."

"Basi alikosa nini?"

Nikamwambia ni amri ya wakubwa. Akanishukuru kwa yote niliyomfundisha mwanawe, akaenda zake.

Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini. Mtoto yule alikuwa kwenye mashamba ya Ramisi, akikata miwa.