Sindano Katika Shimo Langu

Mtaalamu wa matetemeko alibakiza siku moja kabla ya kurudi mjini na mtambo wake. Alitafuta mwamba mgumu usiotikiswa na mtu, ili kijengwe kituo cha kupima matetemeko. Kule Nyakunguru karasha za kusaga mawe ya dhahabu hazikuacha kuitikisa ardhi. Kule Kerende, kila tulipochimba shimo la majaribio, wachimbaji walifika na sururu kabla hatujafuta jasho.

Mimi nilimbebea vyombo. Alikuwa ameniahidi kwamba tukipata mahali, nitakuwa mlinzi wa kituo na kuitazama kila siku sindano ya mtambo inayochora mitikisiko. Niliacha shule darasa la tano bila kujibiwa kwa nini dunia hutetemeka, kwa hiyo kazi hiyo niliitaka kuliko dhahabu.

"Ninalo shimo," nikamwambia. Nililichimba mwenyewe miezi minne kwenye kilima cha upande wa Ikoma, nikapata mwamba mtupu na kuchekwa. "Hakuna atakayetufuata. Hata mbuzi wanajua halina kitu."

Akateremsha mtambo shimoni, akalala kifudifudi kukagua kama umekaa sawa. Sindano ikachora kwenye karatasi mstari mnyoofu kama uzi.

"Safi sana!" akasema. "Naenda kuonana na mwenyekiti wa kijiji. Mstari ukibaki hivi mpaka nirudi, kazi ni yako. Mtu asikanyage humu."

Alipoondoka tu, wakapanda wachimbaji watano niliowahi kufanya nao kazi.

"Mura, yule msomi kaona nini?"

"Hajaona kitu. Anapima ardhi inavyotikisika."

"Kwa kulala kifudifudi?"

"Ndiyo."

"Na alivyoinuka alikuwa anacheka, tumemwona kutoka kule chini. Alisemaje?"

"Alisema safi sana."

Wakatazamana. "Mtu asome miaka yote ile, aje kuuchekea mwamba bure? Na wewe kakuweka ulinde nini, upepo?"

Nikawafukuza. Wakakaa pembeni wakinionea huruma, na huruma yao ndiyo iliyoniharibu. Kweli, mbona alicheka? Mbona alichagua kona ya kushoto, ambayo sikuwahi kuigusa? Nikashuka kuangalia tu. Nikakwangua kwa kucha. Nikakwangua kwa kisu.

"Nipeni sururu," nikasema.

Waliileta wote watano.

Mtaalamu aliporudi alitukuta sita, tumejaa vumbi, na dhahabu hakuna hata chembe. Akaikunjua karatasi ya mtambo taratibu.

"Saa saba na nusu kuna kitu kimekwangua."

"Ni mimi, mtaalamu."

"Saa nane hapa?"

"Hao wanaruka kuingia."

Kituo kilijengwa pale pale, maana mwamba haukuwa na kosa, na sasa kulikuwa na mashahidi watano wa kuapa kwamba hauna dhahabu. Ulinzi akapewa mama mwenye shamba la jirani, ambaye hakuuliza swali hata moja. Mimi nilipewa kazi ya kuziba tulipobomoa.

Kabla mtaalamu hajaondoka nilimwomba anionyeshe tena ule mkwaruzo wa kucha. Ulikuwa mdogo, umesimama kama unyoya wa kifaranga. Niliutazama mpaka akaninyang'anya karatasi.