Niliona Ufa Kwenye Jino la Kauri la Mwalimu Wangu

Jina langu na la kliniki naomba msiyaweke hadharani, maana Sumbawanga ni mji mdogo na sisi wa kazi hii tunajulikana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa kijiji cha Kate, msaidizi wa daktari wa meno kwenye kliniki ya mtu binafsi. Wiki ya pili sasa situlii. Nikikaa nasimama, nikishika simu naiweka, nikianza kufua naacha nguo kwenye beseni.

Mwaka huu alikuja mama aliyenifundisha darasa la tano, sasa anafundisha Laela. Nitamwita Mwalimu. Alianguka na bodaboda akitoka msibani Mtowisa, jino la mbele likakatika hadi kwenye mzizi. Tangu hapo akawa anafundisha amejiziba mdomo kwa kiganja, na kwaya ya parokia akaacha. Akataka jino la kupandikiza, lile ambalo nguzo yake inafungwa kwenye mfupa wa taya. La chuma alilikataa, kwa sababu hata hereni zinamwasha mpaka masikio yanatoa maji. Daktari akamwambia lipo la kauri, jeupe, gumu sana, halishiki kutu, na watu wanakaa nalo miaka mingi. Akamweleza na ubaya wake: kauri haipindi kama chuma. Inavumilia kukandamizwa, lakini ikiingia ufa haina msamaha, siku moja inakatika, na kipande kinachobaki lazima kichimbwe kwenye mfupa. Mwalimu akakubali.

Siku ya kupandikiza mimi ndiye nilishika bomba la kunyonya mate. Nguzo ilikaa vizuri, ila kichwa chake kilikuwa kirefu, Daktari akaanza kukipunguza kwa mashine. Mashine ile lazima imwage maji muda wote, kwa sababu kauri haitaki moto. Maji yakakata. Nikamgusa Daktari kiwiko, akaendelea kidogo, nikaona cheche. Mwalimu alikuwa amefunikwa macho, hakujua lolote. Tulipomaliza, chini ya taa nikaona mstari mwembamba kama unywele, unashuka kutoka juu.

Alipoondoka nikamwambia Daktari. Alinawa mikono muda mrefu. Akasema huenda ni mkwaruzo wa juu tu, na eksirei haionyeshi kitu. Nikamuuliza kama niandike kwenye faili.

"Usiandike," akasema. "Huenda lisivunjike kabisa. Unataka nimtese mtu kwa kitu ambacho hata wewe huna uhakika nacho?"

Sikuandika. Huyu ndiye aliyenichukua nikiwa na cheti cha kidato cha nne tu, akanisomesha kozi mpaka leo nina kazi. Siku ile nguzo ingetoka kirahisi. Nikanyamaza, miezi ikapita, mfupa ukaishika.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu akaja kupimwa ili afungiwe jino lenyewe juu ya nguzo. Nikaangalia. Mstari upo, na umekaribia fizi. Nikamtazama Daktari, akageukia trei ya vifaa. Akampangia Alhamisi hii. Jino likishafungwa, mstari unafunikwa, hakuna atakayeuona tena, na yeye ataanza kulitumia kama watu wote.

Jumapili baada ya misa nikampigia, nimedhamiria kusema. Nikamwamkia. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunieleza kwamba amerudi kwenye mazoezi ya kwaya, ameshaomba ruhusa ya Alhamisi kwa mwalimu mkuu, na wanafunzi wanamdai awaonyeshe jino jipya. Kisha akauliza, "Mwanangu, hili jino litadumu?"

Akacheka.

"Ndugu zangu walisema niende Mbeya. Nikawaambia hapana, mwanafunzi wangu yuko pale, ataniangalia."

Nikajibu, "Litadumu, Mwalimu." Nikakata simu nikidai mtandao unasumbua.

Jana nikamwambia Daktari kwamba nashindwa kuendelea hivi. Hakufoka, na nadhani angefoka ningepata nafuu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaniambia amefanya kazi hii miaka mingi na hajawahi kumficha mgonjwa kitu kabla ya huyu. Akasema nikiamua kusema hatanizuia, ila atajua mwisho wa kliniki umetoka kwangu. Leo ametembea kliniki nzima bila kunitazama.

Nikisema, Mwalimu atachimbwa mfupa na kuanza upya, na mtu aliyenitoa kijijini nitamwangusha. Nikinyamaza, kila Jumapili nitamfikiria akiimba nikisubiri likatike. Ndugu zangu, mimi akili imefika mwisho. Kama kuna mwenye jino kama hili, au aliyewahi kukaa kwenye nafasi kama yangu, aniambie: nimpigie tena? Na nikimpigia, nianze na neno gani? Leo ni Jumanne. Nisaidieni kabla ya Alhamisi asubuhi.