Uzi Niliompimia Baba Mkwe

Mpaka leo nikipita sokoni Baraka, kuna mama mmoja muuza dagaa ambaye akiniona tu anaokota kamba yoyote iliyo karibu, anajipima mabega, halafu anacheka mpaka anakohoa, na mimi nacheka naye kwa sababu nitafanya nini, aibu ya siku ile niliivaa mwenyewe mbele ya mtaa mzima. Basi acheni niwasimulie mimi, kabla hamjaisikia kwake ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ugonjwa wangu ni kufuma. Nilifundishwa na shangazi yangu kule Kilembwe nikiwa msichana, na tangu hapo hakuna mtoto aliyezaliwa katika ukoo wetu akakosa kofia yangu, hata kama joto la huku ziwani linamliza akivishwa (watoto wameshanisamehe, mama zao bado). Vita vilipokuja sufu ikakosekana sokoni, na sindano zangu zikateketea na nyumba, lakini nilichukua vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli, nikavinoa juu ya jiwe, nikafumua sweta zangu kuukuu, nikaendelea. Wenzangu walikimbia na sufuria, mimi na mabonge ya sufu.

Sasa tuje kwa baba mkwe. Mume wangu alikuwa amevuka ziwa kwa njia ya Ubwari na habari zake zikakatika, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, watoto wangu wawili, na baba yake, mzee mwenye kifua kibovu. Kila bunduki ziliposikika tulipanda milimani upande wa Fizi, tukalala kwenye majani, na mara ya mwisho baridi ilimkamata hata tukamteremsha amebebwa. Alipopata sauti tena akatuambia, "Mi sikimbie tena. Kule mulima baridi itaniua, huku risasi itaniua. Afazali nife mu kitanda yangu."

Nilijua hatanii. Watoto wangu hawakuwa na mwanamume mwingine wa kumwita baba, na mimi nilikuwa nimeshazika watu wa kutosha. Nikaapa moyoni kwamba nitamfumia sweta nzito, na ataivaa, na atapanda, apende asipende.

Lakini nitampimaje? Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Simshiki mkono, siketi kwenye mkeka wake, hata chakula nampelekea kwa mkono wa mtoto. Ningeweza kumtuma mwanangu akampime, sawa, ila nilitaka mzee asijue lolote mpaka siku ya kuivaa (hapo ndipo nilipojiponza, ningemtuma mtoto, leo nisingekuwa na la kusimulia).

Mchana mmoja nikamkuta amelala barazani, chali, kitenge kimemfunika uso kwa sababu ya nzi, maana kikohozi kilikuwa kimemnyima usingizi siku tatu. Nikasema ni sasa. Nikavua kandambili, nikapiga magoti, nikatandaza uzi mweusi hewani juu yake, bega mpaka bega, nikafunga fundo, bega mpaka kiunoni, nikafunga fundo jingine, bila kumgusa na bila kupumua. Mara Mama Neema, jirani yetu, akaingia uani na beseni la sombe, yaani kisamvu. Nikaweka kidole mdomoni asije akamwamsha mzee, na nikatikisa kichwa kumwambia asiseme kitu.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mzee mgonjwa yuko chali, uso umefunikwa. Mkamwana wake amepiga magoti ubavuni kwake, jambo lisilowezekana mzee akiwa na pumzi. Mkononi ana uzi wenye mafundo, na kila mtu huku anajua kwamba maiti hupimwa kwa kamba, kisha kamba inapelekwa kwa seremala. Halafu huyo mkamwana anatikisa kichwa. Beseni likaanguka, na Mama Neema akapiga ukelele wa msiba.

"Yoo, bamama, mukuye, Tata ametuacha."

Walioyasikia maneno wakaja na mikeka ya kukalia matanga, na wa mbali waliosikia ukelele tu wakadhani askari wameingia, wakatoka na magodoro kuelekea milimani. Mimi kila nikifungua mdomo kueleza, mama mmoja ananikumbatia na kunizika kifuani kwake, "Lia, mama, lia tu." Na mzee, usingizi wa siku tatu, hata hakujigeuza.

Akaja seremala, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akauchukua uzi mkononi mwangu kwa heshima, akaunyoosha, akanitazama kwa huruma. "Mama, hii kamba iko mufupi. Tata tutamukunja?"

"Nani amekufa?" kitenge kikauliza.

Sitawaeleza jinsi watu walivyotawanyika. Mama Neema alikimbia kwa kupenya ua wa nyumba badala ya kupita mlangoni, na ule ua ukaenda naye. Waliporudi, mzee alikuwa ameketi, ananitazama, na mimi natazama chini nikitamani ardhi ipasuke.

"Mukamwana, ulikuwa unatafuta nini ku mwili yangu?"

"Triko, Baba," nikasema. "Ya kuvaa kule mulima. Ulisema hautakimbia tena, na mi sitaki batoto babakie bila weye."

Hakuna aliyecheka. Mzee akakohoa, muda mrefu, akajifuta mdomo, kisha akamgeukia seremala. "Ukuye unipime weye. Huyu hapana kunikaribia." Akasimama, akanyoosha mikono, akapimwa akiwa hai mbele ya waliokuja kumlilia, na hapo ndipo watu walipocheka, naye akacheka pamoja nao.

Kuku wa kuomba msamaha kwa kuvunja mwiko nilimtoa bila ubishi. Nikafuma siku nane, ugali ukaungua mara mbili, mwili wa sweta mweusi na mwekundu, mkono mmoja wa kijani kwa sababu sufu nyeusi iliisha. Mzee alipoivaa, ikamfika magotini, na ndani yake angeenea mtu wa pili. Nilikuwa nimefuata vipimo vya seremala neno kwa neno, nikasahau kwamba yeye kwa mazoea ya kazi yake huongeza shubiri kila upande wa jeneza, mwenye nalo asibanwe. Mtaa ukacheka upya. Nikasema naifumua, naanza tena, na mzee akamwambia mtoto aje aniambie, "Aiache."

Hazikupita wiki nyingi bunduki zikasikika. Nilitoka na watoto nikijiandaa kubishana naye, kumbe alikuwa amesimama mlangoni, sweta mwilini, fimbo mkononi. Alipanda kwa miguu yake, polepole, na hakubebwa. Kule juu baridi iliposhuka nikamwona akiinua pindo la sweta, na watoto wangu wote wawili wakaingia ndani, wakajikunja kifuani pake, na nafasi ikabaki. Nilimgeuzia mgongo nikalia.

Basi nimekoma. Tangu siku ile simpimi mtu aliyelala, awe nani, na anayepimwa namwambia kwanza uzi ni wa nini. Ila ile shubiri ya seremala, ninaiongeza mpaka leo.