Kigari Kilichokamatwa Siku ya Msaragambo

Hadi leo nikimwona mtu mzima ameshika kitu asichokijua, anakitikisa sikioni kama yai, damu inanichemka.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na soko la Same likajaa marobota. Shangazi yangu alikuwa akiuza sweta pale. Siku moja alifungua robota akakuta kigari chekundu cha kuchezea kimeviringishwa ndani ya sweta pamoja na rimoti yake, nyaya za ndani zote zimekatika. Akanipa mimi, maana nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama mbele ya kibanda cha fundi redio nikimtazama mpaka anifukuze.

Fundi alikigeuzageuza kigari akacheka. "Binti, siku ya gulio kilete hapa kikitembea chenyewe, nitakufundisha kazi. Kisipotembea, usinizibie mwanga tena."

Nilipanda mlima kwenda kwetu nikiimba. Njia nzima niliona magari yasiyo na dereva yakishusha ndizi na tangawizi mpaka Same, mama amekaa mlangoni na rimoti mkononi. Mama alikuwa na kiwaraza utosini kwa kubeba mikungu. Nilitaka nywele zile ziote.

Chuma cha kuchomelea sikuwa nacho. Nilipasha msumari kwenye makaa, risasi ya kuunganishia nyaya nikaibandua kwenye redio iliyokufa. Mota ina nyaya mbili, usukani mbili, betri mbili, na zote zinaingia kwenye kibao chembamba kama biskuti. Ukikosea, unataka kiende mbele kinarudi nyuma. Nilikosea mara nyingi, vidole vikaungua, nikacheka, nikaanza upya. Betri nikazichomoa kwenye redio ya baba, zile kubwa, nikazifunga juu ya kigari kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kikawa kama punda aliyetoka kisimani.

Ikabaki antena, na gulio lilikuwa keshokutwa. Asubuhi hiyo baragumu likalia la msaragambo: watu wote wakatoe tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Kwetu ukishamaliza shule unahesabiwa peke yako, hata kama baba na mama wameshakwenda. Nilijua. Nikasema waya mmoja tu, nitawafuata.

Waya uliposhika nikabonyeza, kigari kikakimbia sakafuni kikagonga sufuria. Nikapiga kigelegele peke yangu. Kigelegele hicho ndicho kilichomwingiza balozi wa nyumba kumi, na vijana wawili nyuma yake.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Wenzako wamo kwenye tope mpaka magotini, wewe una harusi?"

"Naja sasa hivi."

"Asiyefika tunamkamatia kitu mpaka amalize sehemu yake. Jembe lako liko wapi?"

Majembe yote walikwenda nayo wazazi. "Chukua kuku, balozi."

"Kuku atataka mahindi." Akaokota kigari na rimoti yake. "Hiki hakili." Vijana wakaangua kicheko.

"Basi nakuomba, usiguse betri zake."

"Unanifundisha kutunza mali za watu?"

Kukamatiwa sikulalamika, kosa lilikuwa langu. Kesho yake nilikwenda ndiva peke yangu, nikatoa tope la sehemu yangu na zaidi, mpaka balozi mwenyewe akasema inatosha. Nikamfuata nyumbani kwake. Akanikabidhi kigari kinanuka mpira ulioungua.

Betri alikuwa ameziazima asikilize mpira redioni. Mpira ulipokwisha akazirudisha kichwa chini miguu juu, akabonyeza, kibao kikaungua.

"Kilitoa moshi chenyewe," akasema.

"Balozi! Kitu cha kukamatwa kinatumiwa? Ungekamata mbuzi, ungemkamua?"

"Sasa nimwache avimbe kiwele?"

Watu waliokuwa pale wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kigari cha mtoto tu, wakasema. Nililia, lakini si kwa huzuni. Nilitamani kummwagia balozi tope la ndiva nzima. Nyumbani baba akaniambia nirudi nikamwombe balozi radhi kwa kumpandishia sauti. Balozi hakuambiwa amwombe mtu radhi. Sikwenda, na sijakwenda mpaka leo.

Siku ya gulio nikashuka Same nikakibwaga kigari mezani kwa fundi.

"Hakitembei," nikasema.

"Nilisema kitembee."

"Kilitembea! Mkubwa wetu amegeuza betri akakiunguza kibao. Nyaya nimeunga mimi, kwa msumari. Vuta. Vuta hata mmoja, ukichomoka naondoka, hutaniona tena."

Wateja wakageuka. Fundi akavuta waya wa mota. Akavuta wa usukani. Akavuta wa antena kwa nguvu, kigari kizima kikanyanyuka na waya wake. Akakiinamia, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kwa msumari?"

"Nimeshasema."

"Punguza hasira, binti."

"Sipunguzi."

Akavuta redio ya mteja iliyokuwa haishiki stesheni, akaisukuma kwangu pamoja na bisibisi. "Ifungue. Polepole."

Nikaifungua na hasira zangu zote. Skrubu ya kwanza ikaruka ikapotelea mchangani, na tulipopiga magoti kuitafuta nilikuwa bado namweleza fundi habari za balozi, tangu mwanzo.